Moto ukiwaka, jirani yako kiziwi ataambiwa na nani?

Cheki hii. Saa nane usiku, moto umeshika ploti yenu hapo Voi. Mtajuaje? Mayowe, milango kugongwa, mtu anapiga 999. Kwa jirani yako kiziwi, hayo yote ni kimya tu.

Lugha ya Ishara imo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 7. Lakini mafunzo mengi ya moto bado ni ya masikio: jamaa na kipaza sauti, basi. Kengele zenye taa ya kumulika zipo, hata za kutetemesha kitanda. Kaunti ya Taita Taveta, tupeni video za ishara na namba ya dharura ya SMS.

Na wewe, mshakubaliana utamwamsha vipi? Maana mlango amefunga kwa ndani.