Mikono Nayo Husoma

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, ipo habari ambayo wahubiri wengi tunaipita haraka. Kule Bethsaida Yesu analetewa kipofu. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamgusa, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Jibu linaonyesha kwamba bado. Basi anamgusa tena. Mara ya pili! Yeye aliyetuliza bahari kwa neno, hapa anauliza, anasikiliza, anarudia.

Naifikiria habari hii kwa ajili ya vijana wetu wa Singida wanaosomea tiba kwa vitendo, fani ya kumsaidia aliyepooza, au mtoto mwenye ulemavu, aweze kula, kuoga, kuvaa na kufanya kazi zake mwenyewe. Wazazi wengi hawaijui, ingawa hufundishwa KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971.

Chukua jambo dogo la kuvaa shati. Aliyepatwa na kiharusi hutanguliza mkono mdhaifu. Wakati wa kuvua, mkono huo hutoka mwisho. Daftarini ni mstari mmoja. Lakini kumkalisha mzee asianguke, kujua umsubiri hadi lini kabla hujamsaidia, kutomvuta lile bega legevu, kumwita babu bila kumfanya mtoto, hayo huingia kwa kurudia, mwenye kujua akiwa pembeni anakusahihisha. Hata sisi mapadre tulisoma falsafa na teolojia miaka mingi, lakini kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa tulifundishwa parokiani, wakati mwingine na katekista.

Kwa hiyo inasikitisha mwanafunzi anapomaliza wiki zake za mazoezi akitumwa kubeba mafaili na kufuata chai. Kitabu chake kinagongwa muhuri, anahitimu, kisha anakabidhiwa bega la mama yako. Na yule anayekwepa wagonjwa, akanakili taarifa za mwenzake, ajue anachezea mwili wa mtu.

Nasi waumini tumo. Huku kwetu, Iramba hadi Manyoni, aliyepooza mara nyingi huwekwa chumba cha ndani, analishwa kijiko kwa kijiko kwa upendo mwingi, na mkono unazidi kukakamaa. Mwanafunzi akimwomba bibi ashike kijiko mwenyewe, binti wa nyumba anawaka: mnamtesa mama! Hapana. Bibi aliyesonga ugali miaka 50 hashindwi kujaribu kijiko. Uji ukimwagika utafutwa.

Ukilazwa Makiungu au Mtakatifu Gaspar, Itigi, kisha mwanafunzi wa fani yoyote ya afya akaomba kukuhudumia mbele ya msimamizi wake, una haki ya kukataa. Ila ukiweza, mkubalie. Kipofu wa Bethsaida hakujifanya anaona vizuri. Nawe panapouma, mwambie panauma.