Nidhamu ya Wahandisi wa Kompyuta Ni Ngao ya Askari

Mtu apitaye leo katika bandari ya Bujumbura huona makasha, makuli na meli za Ziwa Tanganyika. Asichokiona ni programu za kompyuta zinazokokotoa ushuru wa shehena hizo. Programu za namna hiyo ndizo pia zinazopeleka fedha kwa simu na kukusanya takwimu za vituo vya afya mikoani. Kazi iliyokuwa zamani katika madaftari ya makarani sasa imo mikononi mwa wahandisi wachache. Kwa hiyo, jinsi wahandisi hao wanavyoongozwa si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la usalama, nasi askari na polisi yatupasa tulielewe.

Tutazame tukio moja la vita. Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilipiga bweni la askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Askari 28 walikufa. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda ulikuwa umewashwa, lakini haukurusha kombora hata moja.

Sababu ilikuwa ndogo kuliko punje ya haradali. Mtambo huo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu katika tarakimu zinazotumiwa na kompyuta. Hivyo kosa dogo mno likawa linaongezeka kadiri muda ulivyopita. Mtambo ulipokuwa umefanya kazi kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, kosa lilikuwa limefikia takriban theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo Scud hupita zaidi ya mita 500. Mtambo ukatazama mahali ambapo adui hakuwapo.

Lau lingekuwa kosa la hesabu tu, tungewaachia mafundi. Lakini lilikuwa pia kosa la uongozi. Tarehe 11 Februari, Waisraeli, ambao nao walitumia Patriot, walikwisha kutoa taarifa kwamba baada ya saa 8 tu shabaha huanza kupotoka. Wahandisi wakairekebisha programu. Tarehe 21 Februari watumiaji walipelekewa ujumbe kwamba kuuacha mtambo ukifanya kazi kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta hitilafu. Ujumbe haukusema muda mrefu ni saa ngapi, kwa kuwa wakuu walidhani hakuna kikosi kitakachofikia muda wa namna hiyo. Kumbe kuuzima na kuuwasha upya, kazi ya dakika moja au mbili, kungelirudisha hesabu mwanzo. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya vifo vile.

Askari yeyote ataitambua kasoro hiyo. Amri isiyotaja saa wala mahali si amri. Kiongozi wa wahandisi wa programu, basi, ana wajibu ule ule wa kamanda. Kwanza, kila badiliko lisomwe na mhandisi wa pili kabla ya kutumiwa, kama vile silaha inavyokaguliwa hata ikiwa mwenye nayo ni hodari. Pili, majaribio yafanywe katika hali halisi ya uwanjani. Patriot iliundwa kwanza kupambana na ndege, na kwa kuhamahama, si kukaa lindoni siku nne mahali pamoja. Tatu, aonaye kosa alitaje bila hofu. Kikosi kinachomwadhibu mwenye kuripoti kosa hakitakosa makosa, kitakosa taarifa.

Afrika Mashariki tunao mfano mwema. Kabla ya M-PESA kufunguliwa kwa umma nchini Kenya mwezi Machi 2007, wajenzi wake waliijaribu tangu Oktoba 2005 kwa wateja wasiofikia 500, mjini Nairobi na Thika. Nia ilikuwa kurejesha mikopo midogo midogo. Lakini wateja walionekana wakitumiana fedha wao kwa wao, na wakuu wa mradi, badala ya kung'ang'ania mpango wao, wakaubadili. Kinyume chake, tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza badiliko lenye kasoro bila kuanza na wateja wachache. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikwama duniani, na safari nyingi za ndege zikavunjika.

Vijana wetu wanajifunza kuandika programu katika vyuo vya Bujumbura. Werevu wao hauna shaka, lakini werevu bila utaratibu ni kama bunduki isiyokaguliwa. Nasi tutakaopokea mitambo yao makambini na vituoni tusione haya kuuliza: Imejaribiwa wapi? Nani ameikagua? Hitilafu ikitokea, inaripotiwa kwa nani, na jibu litafika baada ya saa ngapi?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Dhahran ufa ulikuwa theluthi moja ya sekunde, na waliouona mapema walikuwapo. Tuwasikilize wa kwetu mapema.