Kuhesabu Vijidudu vya Maji ya Kisima

Maji ya kisima yaweza kung'aa katika bilauri, yasiwe na harufu wala ladha mbaya, na bado yakaleta homa ya matumbo nyumbani. Macho hayatoshi kuyahukumu, yapasa yapimwe.

Wengi hudhani kwamba mpimaji hutafuta kijidudu cha homa hiyo chenyewe. La. Hicho ni adimu majini, na kukipata ni kazi ngumu. Yeye hutafuta jamii ya vijidudu viitwavyo kolifomu, na hasa kimoja, E. koli, alichokieleza daktari Theodor Escherich mwaka 1885 baada ya kuchunguza choo cha watoto wachanga. Hicho hujaa tele katika matumbo ya watu na wanyama, na mara nyingi hakiwadhuru. Kikionekana kisimani, basi choo kimefika humo, na ugonjwa waweza kupita njia ile ile.

Kazi yenyewe haihitaji hadubini. Maji hutiwa katika vichupa 15 vyenye mchuzi wa chumvi za nyongo na sukari ya maziwa: vitano hutiwa mililita 10, vitano mililita 1, na vitano sehemu ya kumi ya mililita. Ndani ya kila kichupa kuna kingine kidogo kilichofudikizwa. Vyote huwekwa katika joto la mwili, digrii 37, muda wa saa 48. Kolifomu zikiila ile sukari, mchuzi huchachuka, rangi yake ya zambarau hugeuka manjano, na hewa hunaswa katika kile kichupa kilichofudikizwa. Mpimaji huhesabu vichupa vilivyogeuka, kisha jedwali humpa idadi katika mililita 100. Vikigeuka vyote 15, idadi imepita 1,600. Karani aipokeaye taarifa asistaajabu kuona imeandikwa "kadirio". Hakuna aliyevihesabu kimoja kimoja.

Tena, kolifomu nyingine hukaa udongoni na majanini. Kwa hiyo hupimwa upya kwa digrii 44, joto ambalo E. koli hulistahimili na nyingi za hizo hulishindwa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. koli hata kimoja katika mililita 100.

Kazi hii yote ni bure ikiwa maji yalichotwa vibaya. Tumia chupa iliyotoka maabarani; usiisuuze, wala usiguse mdomo wake au ndani ya kizibo. Iweke penye baridi, ifike kabla ya saa 24 kupita. Na majibu yanapongojwa, maji ya kunywa yachemshwe.