Steringi Hafi, Lakini Lazima Aumie

Kuna hoja naisikia kila kona siku hizi, hasa kwetu sisi watu wa vitabu. Eti gemu za mashujaa wenye nguvu za ajabu zitatushika Waafrika siku mashujaa hao watakapokuwa wetu. Mvueni Batman joho lake, mvikeni Kinjeketile, vijana watapanga foleni.

Siikubali, na sababu niliipata Mkula.

Kwa asiyepajua, Mkula ipo kwenye barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Huko kuna kibanda cha gemu cha mabati: televisheni mbili na PlayStation 2 zilizochoka. Karibu wote wanacheza mpira. Ila kulikuwa na diski moja ya Spider-Man 2, ile ya mwaka 2004, na watoto walikuwa wanaigombea. Hakuna aliyeuliza Peter Parker ni kabila gani. Katika gemu ile utando lazima unase kwenye jengo. Ukifika pasipo na jengo, unashuka chini kama nazi. Dogo mmoja alikuwa anaanguka, anainuka, anaanguka. Nikamwambia ampe mwenzake padi. Akanijibu bila kugeuka: "Bro, huyu mpaka umzoee."

Mpaka umzoee! Siri nzima ipo hapo. Shujaa wa filamu tunamtazama tu, na Lufufu aliweza kumfanya Mmarekani yeyote awe jirani yetu kwa kumtafsiri kwa Kiswahili chake kitamu. Kwenye gemu hakuna wa kukusimulia. Nguvu ya shujaa ni lazima iingie kwenye vidole vyako, iwe na mpaka, na ikikosewa ikuumize. Mabanda yetu ya video yalitufundisha kwamba steringi hafi. Sawa, lakini steringi asiyeumia hachezeki.

Tazama ushahidi. Superman ndiye mwenye nguvu kuliko wote, na gemu yake ya Nintendo 64 ya mwaka 1999 inatajwa hadi leo miongoni mwa gemu mbovu kuliko zote: mtu anayeweza kubeba magari anapitishwa kwenye mapete hewani kama sarakasi. Batman hana nguvu yoyote ya ajabu, bado Arkham Asylum ya Rocksteady, mwaka 2009, ilipendwa mno. Kwa nini? Kwa sababu risasi zinamuua, hivyo unalazimika kujificha juu gizani na kufikiri. Rocksteady haohao mwaka 2024 wakatoa Suicide Squad: wahusika wanne, wote wanafyatua bunduki, wote walewale. Warner Bros. wenyewe walikiri haikufikia matarajio yao. Kabla yake Marvel's Avengers ya mwaka 2020 ilikuwa na majina makubwa kuliko yote, hata Black Panther aliongezwa mwaka 2021, akaja na Wakanda yake. Ilipofika Septemba 30, 2023, ikaondolewa sokoni. Kama sura ya Kiafrika ingetosha, ingemwokoa.

Sasa turudi kwa Kinjeketile. Mimi nami namtaka, tena kuliko ninyi, maana bonde hili ni la watu waliokwenda. Lakini najua gemu mnayoifikiria: kijana anakunywa maji, risasi zinageuka maji, askari wa Kijerumani wanaanguka mia kwa mia, pointi zinapanda. Gemu hiyo ingechosha kwa siku moja. Halafu ingekuwa uongo juu ya makaburi. Agosti 30, 1905, Wambunga na Wapogoro waliivamia boma ya Mahenge, na bunduki za rasharasha hazikugeuka maji.

Ebrahim Hussein aliliona hili kwenye tamthilia yake ya mwaka 1969. Nguvu halisi ya Kinjeketile ni neno linalounganisha watu ambao hawakuwa kitu kimoja, na balaa lake ni kwamba neno linakua hadi linamzidi aliyelitamka. Hiyo ndiyo gemu! Unapeleka maji kijiji kwa kijiji, kila kijiji kinakuongezea watu, na kila kijiji kinakupunguzia uwezo wa kuwazuia. Unafika Mahenge ukiwa na jeshi kubwa, na mikono yako inatetemeka kwenye padi kwa sababu unajua.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaokopa hela mtengeneze gemu za kwetu, msianzie kwenye mavazi. Anzeni na swali moja: nguvu ya huyu mtu inamgharimu nini, na mchezaji ataisikiaje gharama hiyo vidoleni? Mkikosa jibu, hata mngemchora kwa wino wa dhahabu, wale watoto wa Mkula watatoa diski yenu na kurudi kwenye mpira. Na watakuwa sahihi, kwa sababu huko ukikosea pasi, unafungwa.