Chakula cha Mtoto ni Dhima ya Nani?

Miongoni mwa maneno yanayosemwa sana pindi mtoto mdogo anapodhoofu ni kwamba mama yake hajui kulisha. Sisi tuishio Ngara na Biharamulo twaona kuwa hukumu hiyo ina dhulma ndani yake.

Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mkoani Kagera walikuwa 34. Na hii si ardhi ya jangwa! Mashamba yetu hutoa ndizi, maharage, mahindi na mihogo. Basi chakula hukwama wapi kabla ya kufika kinywani mwa mtoto?

Kwanza, hukwama kwenye kazi. Msimu wa kilimo ukifika, mama huondoka alfajiri na jembe, na arudipo humngoja maji na kuni. Mtoto wa miaka mitatu huachiwa dada yake wa miaka minane na ugali wa muhogo uliopoa. Muhogo hushibisha, lakini una protini kidogo mno. Na tumbo la mtoto ni dogo. Haliwezi kubeba mahitaji ya siku nzima kwa mlo mmoja wa jioni.

Pili, hukwama kwenye fedha. Maharage, mayai na maziwa, vyenye kumjenga mtoto, ndivyo hutangulia kupelekwa sokoni. Pesa ya kahawa hupokewa na baba, naye mama huomba hata ya fungu la dagaa. Aliyefundishwa lishe kliniki hana fedha, na mwenye fedha hakwenda kliniki.

Ndugu zetu katika imani, aya ya 233 ya Suratul Baqara, inapozungumzia kunyonyesha, imeuweka juu ya baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama. Vipi basi mtoto akishaachishwa ziwa awe mzigo wa mama peke yake?

Tunawausia akina baba: tengeni maharage ya watoto kabla ya kuuza, mayai yaanze kuliwa nyumbani, fuataneni na wake zenu kliniki. Na siku za palizi, majirani wapokezane kuwapikia watoto uji wa mchana. Udumavu wa miaka ya mwanzo ni vigumu kuufidia ukubwani.

Wabillahi tawfiq.