Mfasiri wa Kujitegemea na Gharama ya Kimya

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kusoma matini kwa makini. Hufunzwa kuchunguza kwa nini mshairi aliteua neno hili akaliacha lile, na kwa nini mtunzi wa tamthilia alimnyamazisha mhusika fulani. Ni ajabu basi kwamba anapohitimu na kuombwa kutafsiri mwongozo wa afya, kuhariri kitabu cha kiada au kutunga hadithi ya mkusanyiko, aghalabu huipokea kazi kwa simu, akaifanya kwa majuma kadhaa, kisha ndipo akauliza atalipwa lini. Matini ambayo yangemlinda, yaani mkataba, hayapo. Na yakiwepo, huyatia saini bila kuyasoma. Makala haya yanashikilia kwamba kimya hicho kina gharama kisheria, na kwamba idara za Kiswahili pamoja na vyama vya wanafunzi vina wajibu wa kukivunja.

Sheria za Kenya hutofautisha mkataba wa ajira na mkataba wa huduma. Mwajiriwa hulindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Ana haki ya likizo ya malipo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka; hawezi kuachishwa kazi bila sababu halali wala bila utaratibu wa haki; na mkataba wake, ukiwa wa miezi mitatu au zaidi, sharti uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Mfanyakazi wa kujitegemea hana ngao hizo. Ngao yake kuu ni yale aliyoafikiana na mwagizaji wa kazi. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba mbele ya sheria, lakini kuyathibitisha ni kibarua kigumu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, jina pekee halimvui mtu haki zake. Wapo waajiri wanaomwita mtu "mkandarasi" ilhali anaripoti ofisini kila asubuhi, anatumia vifaa vyao na kufuata amri zao kwa miaka. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hutazama hali halisi kuliko jina: ni nani anayesimamia kazi, vifaa ni vya nani, na je, mtu huyo ana uhuru wa kuwafanyia wengine kazi? Mhitimu asiyeijua tofauti hii huweza kupoteza haki za mwajiriwa ambazo tayari ni zake.

Suala zito zaidi ni la hakimiliki. Wengi huamini kwamba aliyetunga au kutafsiri ndiye mwenye kazi hadi atakapoiuza. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaanza kwa kanuni hiyo, kisha kinaiwekea sharti: kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiyekuwa mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa pale ambapo wahusika wameafikiana kuuzuia au kuuwekea mipaka uhamisho huo. Hapa ndipo kimya kinapogharimu. Mwandishi aliyetunga riwaya kwa hiari yake na kuipeleka kwa mchapishaji hawezi kunyang'anywa hakimiliki bila hati aliyoitia saini. Mwenzake aliyeagizwa kutunga hadithi au kutafsiri kitabu huipoteza kwa kunyamaza tu. Kitabu kikichapishwa upya mara kumi, hana mrabaha wa kudai ikiwa hakuuafikia mapema.

Jambo moja halimtoki. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki za kimaadili: kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na kupinga upotoshaji unaomharibia heshima au sifa. Haki hizi haziwezi kuhamishwa angali hai, hata hakimiliki ikiwa imehama. Mfasiri ambaye jina lake limeachwa kitabuni ana msingi wa kulalamika, wala haombi hisani.

Si haba kwamba waraka mashuhuri wa kimataifa kuhusu suala hili ulipitishwa katika jiji la Nairobi. Mnamo Novemba 1976, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika huko ulitoa Pendekezo kuhusu ulinzi wa kisheria wa wafasiri na tafsiri. Lilitaka wafasiri wapewe ulinzi sawa na ule wa watunzi, walipwe kwa haki, majina yao yaonekane kwenye nakala zilizochapishwa, na walipwe nyongeza pale tafsiri inapotumiwa kupita mipaka ya mkataba. Kipengele hiki cha mwisho kina uzito mpya leo, wakati ambapo tafsiri ya binadamu huweza pia kutumiwa kufundishia programu za kompyuta zinazotafsiri. Pendekezo hilo si sheria inayozifunga nchi, lakini ni kielelezo chenye hadhi cha kufuata katika mapatano.

Huenda wengine wakapinga kwamba mfasiri chipukizi hana nguvu ya kujadiliana, na kwamba akidai mkataba kazi itapewa mwingine. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini mkataba si lazima uwe kitabu cha kurasa ishirini. Barua pepe inayotaja masharti, ikajibiwa kwa kukubaliwa, ni ushahidi unaoweza kuwasilishwa mahakamani. Ndani yake itajwe idadi ya marekebisho yasiyo na malipo ya ziada, arbuni, tarehe ya malipo, matumizi ya tafsiri na mwenye hakimiliki. Itajwe pia iwapo maneno yatahesabiwa katika matini chanzi au matini lengwa. Mwanaisimu anaelewa uzito wa jambo hili: neno moja kama "hatutawaambia" hubeba maana inayohitaji maneno matano ya Kiingereza. Anayetafsiri kutoka Kiingereza na kulipwa kwa hesabu ya maneno ya Kiswahili huadhibiwa na mofolojia ya lugha yake.

Mwagizaji akikataa kulipa, njia ya haki si ndefu kama inavyodhaniwa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai ya mikataba ya huduma yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe katika muda wa siku 60 tangu lifunguliwe. Dai la mkataba wa huduma huweza kufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Anayedai kuwa alikuwa mwajiriwa asitegemee muda huo, maana madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3.

Limebaki suala la lugha. Kazi huagizwa kwa Kiswahili, lakini mkataba wake aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kozi za tafsiri hufunza nadharia za ulinganifu kwa muhula mzima. Hazitapungukiwa zikitenga saa mbili za kuchambua mkataba mmoja. Vyama vya wanafunzi, kwa ushirikiano na wanafunzi wa sheria, vinaweza kuandaa kielelezo cha mkataba wa tafsiri kwa Kiswahili sanifu, kikapitiwa na wahadhiri wa idara zote mbili na kukabidhiwa kila mhitimu kabla ya mahafali. Kufanya hivyo hakuhitaji sheria mpya wala ufadhili mkubwa, na ni huduma ambayo mhitimu ataihitaji katika juma lake la kwanza la kazi.