HATA WENYE KOMPYUTA WALISUBIRI: HAKIKI KABLA YA KUSAMBAZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi baada ya Alasiri, hapa Kariakoo, kijana muuza viatu alinijia analia. Picha yake imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, imeandikwa "mwizi". Mpaka inajulikana kuwa si yeye, wateja walishamkimbia. Na waliosambaza ni sisi, wengine tasbihi ikiwa mkononi.

Sikiliza kisa hiki. Wataalamu hutumia kanuni za Einstein za mwaka 1915 kuchunguza ulimwengu ulivyokuwa karibu na mwanzo wake. Mwaka 1970 Belinsky, Khalatnikov na Lifshitz walisema: ukirudi nyuma kuelekea huko, kila sehemu ya anga huenda kivyake, ikibanwa huku na kuvutwa kule, bila kumfuata jirani. Mwaka 1993 Berger na Moncrief walipopiga hesabu za namna hiyo kwa kompyuta, waliona ncha kali kama za sindano. Sehemu ndogo inabaki vilevile huku majirani wamebadilika, na ncha inazidi kuwa nyembamba.

Swali likawa: ncha hizi ni kweli, au kompyuta imekosea? Kompyuta hupima nukta kwa nukta. Ncha ikiwa nyembamba kuliko nafasi iliyopo kati ya nukta mbili, kipimo hakiaminiki tena. Ikabidi kupima upya, kwa nukta zilizosogeana zaidi. Mwaka 2008 Woei Chet Lim akapata jibu kamili la hesabu, si la kukadiria, na ncha imo ndani yake.

Miaka 15, ndugu yangu! Na hapo hakuna heshima ya mtu iliyokuwa hatarini. Wewe unayeshika heshima ya Muislamu mwenzako, dakika 15 zinakushinda?

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imekuja kwa jambo hili hili: habari ihakikiwe kwanza, kwani majuto huja mtu ameshaumizwa.

Rai yangu ni hii: "nimetumiwa tu" si udhuru. Uliza: nani ameona? Wapi? Lini? Ukikosa jibu, futa. Na kama ulishasambaza, toba yako haijatimia mpaka urudi kwenye grupu lile lile umsafishe, kisha uende ukamwombe radhi uso kwa uso.

Allah atuhifadhi na ndimi zetu, na vidole vyetu. Aamin.

Wallahu a'lam.